Ajali Haina Kinga? Gharama za Matibabu na Haki ya Mwendesha Baiskeli wa Kisian

Utangulizi

Waswahili husema kwamba ajali haina kinga. Methali hii husikika hospitalini, matangani na kando ya barabara, na aghalabu huwa ndiyo kauli ya mwisho: ikishatamkwa, mjadala hufungwa na watu huinamisha vichwa. Neno ajali lenyewe lina asili yake katika Kiarabu, ambako hubeba dhana ya muda uliowekwa, yaani kikomo alichoandikiwa mja. Anayesema kuwa fulani amepata ajali huwa tayari, pengine bila kukusudia, amemwondolea binadamu lawama na kuikabidhi kwa majaliwa. Makala haya yanashikilia kwamba methali hiyo, ijapokuwa ina hekima yake, imegeuzwa kuwa kichaka cha kuwaficha wanaostahili kulipa. Mfano utakaotumiwa ni wa mwendesha baiskeli anayegongwa na gari huko Kisian, viungani mwa Kisumu. Swali ni moja tu: nani alipe gharama za matibabu yake?

Njia panda ya Kisian

Kisian iko kilomita kama kumi magharibi mwa Kisumu. Hapo ndipo barabara kuu hugawanyika: mkono mmoja hupanda kuelekea Maseno, ukapita Luanda, Yala na Ugunja hadi Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, mkono wa pili hushika njia ya Bondo. Reli iendayo Butere nayo hupita papo hapo. Malori yaliyojaza mafuta Kisumu huenda Uganda kwa njia hii, na matatu hushindana kuwahi abiria. Pembezoni, palipo na lami iliyomeguka au pasipo na lami kabisa, hupita mtu na baiskeli yake nyeusi ya chuma. Huyo huwa ni mchuuzi aliyefunga kapu la samaki kutoka ufuo wa Ogal, au kibarua anayerudi kutoka mjini, au mwanafunzi, au fundi aliyening'iniza msumeno begani. Jioni taa hana, na wanaoendesha magari huapa kwamba hawakumwona.

Inafaa ikumbukwe kwamba neno bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa mwishoni mwa barabara hii hii, huko Busia, katika miaka ya 1960, wakati baiskeli zilipobeba abiria na mizigo kati ya mpaka na mpaka. Pikipiki zimekwisha kuwanyakua abiria wengi, lakini baiskeli haijafa. Imebakia chombo cha yule asiyeweza kununua petroli, na kwa hiyo anayegongwa akiwa juu yake huwa, mara nyingi, ndiye mwenye akiba ndogo kuliko wote waliokuwa barabarani asubuhi hiyo.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023 kuhusu usalama barabarani, lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka ulimwenguni kutokana na ajali za barabarani, na kwamba zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Nchini Kenya, vifo vimezidi 4,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Hizo ni hesabu za waliokufa. Waliobaki hai na mifupa iliyovunjika ni wengi zaidi, na wao ndio wenye ankara mkononi.

Safari ya ankara

Kisian inajulikana na wanasayansi wa dunia nzima kwa kituo cha utafiti cha KEMRI, ambako malaria na virusi vya UKIMWI vimechunguzwa kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, aliyevunjika mfupa wa paja mbele ya lango la sayansi hiyo hahitaji utafiti. Anahitaji gari la kumfikisha Kisumu, na swali la kwanza analolisikia akiwa bado amelala kwenye changarawe ni kama yupo mtu wa kulipia gari hilo.

Kutoka hapo hupelekwa, kwa kawaida, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Ankara huanza kujiandika. Kuna kadi, kuna eksirei, kuna dawa ya maumivu, kuna damu ya kutafutwa. Mfupa wa paja la mtu mzima mara nyingi hauungwi kwa plasta pekee. Hutiwa chuma kwa upasuaji, na familia isiyo na bima ndiyo inayotafuta fedha za chuma hicho. Baada ya wiki kadhaa huja magongo, nauli za kliniki, na mazoezi ya viungo. Pamoja na hayo yote kuna gharama ambazo hazimo katika karatasi yoyote: chakula cha ndugu anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa, karo iliyokosa kulipwa, kapu la samaki lililomwagika lami siku ile, na baiskeli iliyokunjika kama waya. Mke huuza kuku, kisha mbuzi, kisha hukodisha kipande cha shamba. Kilichoanza kama mvunjiko wa mfupa mmoja huishia kuwa mvunjiko wa nyumba nzima.

Isitoshe, mgonjwa huweza kukosa hata jina. Wasomi wa Kiswahili hawajasahau Aprili 2020, Profesa Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema, alipogongwa na basi katika barabara ya Landhies jijini Nairobi. Mazingira ya kifo chake yalizua maswali mengi, lakini jambo moja halikubishaniwa: alifia katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, na zilipita siku kadhaa kabla ya jamaa na marafiki kujua alipo. Ikiwa mtu mashuhuri kiasi hicho aliweza kulala hospitalini bila ya mtu wa kumsemea, itakuwaje kwa mchuuzi wa Kisian ambaye kitambulisho chake kimebaki nyumbani?

Sheria inasemaje?

Wengi huamini kwamba sheria imemwacha mwendesha baiskeli ukiwani. Si kweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kadiri iwezekanavyo cha afya, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilisisitiza katazo hilo. Msisitizo huo ulikuja baada ya tukio la Oktoba 2015, ambapo mtu aliyegongwa na gari nje kidogo ya Nairobi alikaa ndani ya ambulensi kwa takriban saa 18, akizungushwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, kisha akafariki. Mwaka huo huo Mahakama Kuu, katika kesi ya wanawake wawili waliokuwa wamezuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa, iliamua kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kukiuka haki zake. Deni husalia kuwa deni, nayo hospitali inaweza kulidai kwa njia za kisheria, lakini mwili wa mgonjwa si rehani.

La muhimu zaidi ni Sheria ya Bima ya Magari dhidi ya Madhara kwa Watu Wengine, Sura ya 405. Sheria hii inamkataza mtu yeyote kuliendesha gari barabarani bila bima inayomlinda mtu wa tatu, yaani yule ambaye hakuwekeana mkataba na kampuni wala hakulipa hata senti. Mwendesha baiskeli ndiye mtu wa tatu halisi. Dereva akipatikana na hatia ya uzembe katika kesi ya madai, kampuni ya bima hulazimika kuilipa hukumu hiyo, hadi shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Gharama za matibabu zimo ndani ya fidia hiyo, pamoja na malipo ya maumivu na ya kipato kilichopotea. Sheria ya Trafiki nayo inamtaka dereva asimame, atoe jina na anwani yake, na iwapo hakufanya hivyo, apige ripoti polisi ndani ya saa 24.

Kwa mantiki hii, kinga ipo. Imelipiwa na kila mwenye gari kila mwaka, na cheti chake kipo. Kwa nini basi mwendesha baiskeli wa Kisian huuza mbuzi?

Mahali kinga inapovuja

Sababu ya kwanza ni wakati. Hospitali hudai leo. Kampuni ya bima, kwa kawaida, hulipa baada ya maafikiano au hukumu, jambo ambalo huweza kuchukua miaka. Sheria imempa mdai miaka 3 ya kufungua kesi, lakini chuma cha mfupa hakingoji hata siku 3.

Sababu ya pili ni makubaliano ya kando ya barabara. Dereva hushuka akiwa na hofu, hutoa noti chache, huomba radhi, na wazee waliokusanyika humshauri majeruhi apokee kwa kuwa ajali haina kinga. Wakati mwingine huletwa karatasi ya kutiwa kidole gumba. Karatasi hiyo huweza kumaanisha kwamba majeruhi ameridhika na hatadai tena. Uvimbe wa ubongo na mpasuko wa ndani ya tumbo havionekani siku ya kwanza. Wakati vinapojitokeza, dereva ameshafika Kampala.

Sababu ya tatu ni ushahidi. Mahakama za Kenya hushikilia kwamba gharama halisi alizotumia mdai ni sharti zitajwe waziwazi katika madai na zithibitishwe kikamilifu. Maana yake ni stakabadhi. Walionunua dawa katika duka la Otonglo bila risiti, waliomlipa mwenye gari aliyewakimbiza hospitalini bila karatasi, hao wamezitoa fedha zao zikatoweka. Wahenga walilionya hili zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Pamoja na stakabadhi kunatakiwa abstrakti ya polisi, fomu ya P3 iliyojazwa na daktari, na uthibitisho wa mmiliki wa gari. Mtu aliyelala kitandani mguu ukiwa umening'inizwa hawezi kuzifuatilia karatasi nne katika ofisi nne.

Sababu ya nne ni kwamba gari huweza kukimbia na lisijulikane, au likajulikana na bima yake ikawa haipo. Na hata bima inapokuwapo, kampuni yenyewe huweza kuanguka: United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011 ziliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na waliokuwa na hukumu mkononi wakabaki na karatasi.

Kinga na kinga

Panapovuja kinga ya sheria, jamii huziba kwa mikono yake. Methali nyingine husema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na hapa kinga si ulinzi tena bali ni kijinga cha moto: kijinga kimoja hakiwaki, viwili huwaka. Hii ndiyo falsafa ya harambee. Wanawake wa nyoluoro huvunja zamu na kumpa fungu mke wa majeruhi. Kanisa hukusanya. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mwana wa Kisian aliyeko Mombasa au Nairobi hutuma mchango wake jioni ile ile, na jina lake husomwa katika orodha.

Utu huu ni wa kusifiwa. Hata hivyo, ni lazima uulizwe unamfaidi nani. Dereva mwenye bima anapomvunja mtu mguu, nao majirani wa majeruhi wakachanga hadi deni la hospitali likaisha, na kwa kuwa limeisha hakuna aliyefungua kesi, aliyesaidiwa hasa ni nani? Ni kampuni iliyopokea ada ya bima kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Muuza omena amemlipia mwenye lori. Harambee inafaa iwe daraja la kumvusha mgonjwa hadi kwenye haki yake. Inapokuwa ndiyo mwisho wa safari, wema wa maskini unageuka ruzuku kwa tajiri.

Kuhusu bima ya afya ya serikali, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Mchango wake ni asilimia 2.75 ya kipato cha kaya, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja, na hapo ndipo kibarua wa kila siku anapokwama. Aidha, hata aliyelipa hastahili kuambiwa kwamba jambo limekwisha. Mfuko wa umma ukimtibu, uzembe wa dereva hauwi umefutika.

Lugha iliyofunga mlango

Jambo ambalo halijasemwa vya kutosha ni lugha. Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini mwendesha baiskeli hukutana na abstrakti ya Kiingereza, P3 ya Kiingereza, mkataba wa bima wa Kiingereza, na ile karatasi ya kidole gumba ya Kiingereza. Katika jamii ambayo mazungumzo ya nyumbani ni Kijaluo na ya sokoni ni Kijaluo na Kiswahili, haki yake imeandikwa katika lugha ya tatu. Sheria ya Kenya inaziruhusu mahakama za chini kutumia Kiswahili, ila hati zinazomfikisha mtu huko hazijafuata mkondo huo. Tanzania iliirekebisha sheria yake mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Msamiati si kisingizio, kwa kuwa upo. Bima ni neno la siku nyingi lililotufikia kutoka Bara Hindi kwa njia ya biashara. Dhamana, madai, uzembe, hukumu na stakabadhi yanaeleweka hadi sokoni. Nalo neno fidia lina mafunzo yake: katika asili yake ya Kiarabu ni malipo ya kumkomboa aliye kifungoni. Nani asiyeona kwamba linamfaa hasa mgonjwa aliyepona lakini hawezi kutoka wodini?

Pingamizi

Yapo maoni ya kinyume, na hayastahili kupuuzwa. Husemwa kwamba waendesha baiskeli wenyewe ni wazembe: hawana taa, hukatiza barabara ghafla, hubeba mizigo mipana. Ni kweli kwa baadhi yao. Lakini sheria ina mizani ya jambo hilo. Mahakama hugawa lawama kwa asilimia, na mdai aliyechangia ajali hupunguziwa fidia kwa kadiri ya kosa lake. Kupunguziwa si kunyimwa. Tena, anayelaumiwa kwa kupanda lamini hana budi kuulizwa: njia yake iko wapi?

Husemwa pia kwamba madai ya uongo yamezagaa, na kwamba kampuni za bima zimelemewa na watu ambao hawakuwahi kugongwa. Udanganyifu huo upo, na ni wizi. Ila dawa yake ni kumnasa mwongo, si kumchelewesha mkweli. Tena hasara ya udanganyifu humwangukia zaidi majeruhi wa kweli, maana hushukiwa kabla ya kusikilizwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Yafaayo kufanywa

Kwanza, Kenya haina budi kuwa na mfuko wa kuwafidia wanaogongwa na magari yasiyojulikana au yasiyo na bima. Rwanda inao mfuko maalumu wa aina hiyo. Afrika Kusini inao mfuko unaotokana na tozo ya mafuta ya magari. Umekumbwa na matatizo makubwa ya kifedha, na kwa hiyo ni funzo la jinsi ya kuanza na la jinsi ya kujihadhari.

Pili, sehemu ya fidia inayohusu matibabu ya dharura ilipwe na kampuni ya bima moja kwa moja kwa hospitali, mapema, huku mgogoro wa lawama ukisubiri mahakama. Hospitali ingepata chake, na mgonjwa asingegeuzwa dhamana.

Tatu, barabara zinazopita katika masoko kama Kisian na Otonglo zijengwe zikiwa na njia ya baiskeli. Ni rahisi kuliko mifupa.

Nne, na hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa namna ya pekee, fomu ya P3, abstrakti ya polisi na hati za maafikiano ya bima zitafsiriwe kwa Kiswahili sanifu. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina watafsiri wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Karatasi moja ya ukurasa mmoja, iliyobandikwa katika zahanati na vituo vya polisi, ingeeleza mambo matano: chukua nambari ya gari, piga ripoti polisi, hifadhi kila stakabadhi, usitie sahihi usichokielewa, kesi ifunguliwe kabla ya miaka 3 kupita.

Hitimisho

Ajali haina kinga kwa maana kwamba hakuna ajuaye saa yake. Maana hiyo haina ubishi, na itaendelea kuwaliwaza waliofiwa. Lakini lori linaloendeshwa kwa kasi sokoni si majaliwa, na ankara inayofuata ina mdaiwa wake kisheria. Mwendesha baiskeli wa Kisian ameshalipa kwa mfupa wake; kumtaka alipe pia kwa mbuzi wake, kwa shamba lake na kwa michango ya majirani zake ni kumtoza mara mbili. Dawa ya deni ni kulipa, naye anayepaswa kulipa anajulikana. Kinachosalia ni wenye dhamana ya sheria na wenye dhamana ya lugha kuhakikisha kwamba majeruhi naye anamjua.